Kontena la Masinki Halingoji Msiba

Sogezeni viti, na wewe mdogo wangu uliyejibanza mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, ingia ukae, maana leo sina nguvu ya kupandisha sauti kwa ajili ya mtu yeyote. Mama yenu ameshaninywesha maji, mto umekaa sawa, na kichwa changu ni kizima kabisa hata kama miguu imenisusa. Sasa ni saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, na ofisi ya wakala wa meli inafungwa saa tisa alasiri. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba wosia wangu una saa ya kufungwa, na mwenye mpango wa kulia alie huku anasikiliza.

Kontena letu liko bandarini. Ndani yake mna masinki mia tatu na arobaini, meupe, pamoja na mabomba yake, na lilishushwa melini Ijumaa iliyopita, siku ileile niliyoanguka dukani nikimwonyesha mteja namna ya kufunga choo. Tumepewa siku saba za bure za kuliacha pale. Jana mwanangu mkubwa kaniinamia hapa kitandani, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akaniambia nisihangaike, bado zimebaki siku tatu nzima. Nikamuuliza kahesabuje. Akasema karuka Jumamosi na Jumapili kwa sababu ni mapumziko. Mwanangu, ulisoma mpaka ukavaa joho nami nikakodi viti vya sherehe, halafu unaniambia kontena linapumzika! Kontena halina Jumapili. Halina sikukuu, halina mgonjwa nyumbani, na siku ya kwanza ni ile liliyogusa ardhi, wala si ile uliyopigiwa simu au ile uliyopata nafasi. Kunja vidole tuhesabu pamoja: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo. Siku ya saba ni leo. Kesho wanaanza kutukata, na wakianza hawakati kwa bei moja, maana kadiri mzigo unavyokaa ndivyo bei ya siku inavyopanda, mpaka ufike mahali utamani meli ingezama nao.

Kila kitu kingine kiko tayari. Binti yangu alipeleka karatasi zote forodhani kabla meli haijafunga gati, kodi ikalipwa, na lori liko kwenye foleni ya getini tangu alfajiri, dereva anatukana kwa adabu. Kinachokosekana ni hati ya mzigo, ile halisi, yenye jina langu mbele na isiyo na saini yangu nyuma. Najua mmeitafuta wiki nzima. Mmepekua kabati, mmepasua godoro la chumba cha wageni, mmemshuku mpaka fundi bomba wa watu. Iko hapa, ndani ya soksi yangu ya kushoto. Nimelala nayo hospitali siku tano, na nesi aliyeiona alidhani ni cheti cha ndoa, akanisifu kwa mapenzi. Mama watoto, usinitazame hivyo.

Nikiisaini kwa jina la mtu, mtu huyo anautoa mzigo leo. Nikikata roho sijasaini, masinki yanakuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu haitoki bandarini mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hiyo ni miezi mitatu kwa familia isiyogombana, na ninyi nawajua. Huku mnatafuta wakili, kontena linakula. Litakula faida ya masinki, litakula masinki yenyewe, litakula duka, kisha litafika hapa kwenye nyumba hii na mama yenu akiwa ndani yake. Hilo tu ndilo linalonitoa jasho. Kufa nimeshakuzoea kidogo.

Sasa nifike kwenye dirisha, kwa sababu watu wa nyumba hii wamelinong'ona miaka kumi na minane na leo nataka lizungumzwe kwa sauti. Ninyi mlikuwa wadogo. Lilikuja kontena letu la kwanza la vigae, tukalitoa bandarini kwa wakati, tukalileta uwanjani kwetu, tukashusha vigae kwa siku mbili, tukapongezana. Kontena tupu likabaki pale uani, zuri, la bluu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni la nani. Tuliona limekuja na mzigo, mzigo ni wetu, basi na lenyewe letu. Tukalipaka rangi ya krimu. Tukaandika jina la duka kwa herufi nyekundu. Kisha baba yenu mdogo akaja na fundi wa kuchomelea, wakalikata ubavuni dirisha pana la kuuzia, na kizingiti chake, na pazia alilolishona mama yenu mwenyewe lenye maua.

Siku ya hamsini na mbili akaja bwana mmoja wa kampuni ya meli na daftari. Alilizunguka lile kontena mara tatu, akafunua pazia, akachungulia ndani, akamkuta baba yenu mdogo anauza sabuni. Akaniuliza kwa upole kama najua kwamba lile sanduku ni mali yao, kwamba tulitakiwa kulirudisha dipo, kwenye yadi yao ya makontena, likiwa tupu ndani ya siku kumi, na kwamba kila siku iliyozidi ina bei yake mbali na bei ya bandarini. Tena likirudi lirudi kama lilivyokuja, limefagiwa, halina tundu. Tulilipa siku arobaini na mbili, tukalipa ubavu, tukalipa na rangi ya kuirudisha bluu. Gari niliuza. Na mdogo wangu nikamfukuza mbele ya wateja, nikamwita mharibifu, na hatukusalimiana miaka kumi na moja, hata kwenye msiba wa mama yetu tulipeana mkono kupitia kwa shangazi.

Nisikilizeni vizuri hapa. Dirisha nilimtuma mimi. Mimi ndiye niliyesema likatwe, mimi ndiye niliyechora vipimo kwa chaki, na karatasi inayosema kontena lirudishwe ilikuwa mfukoni mwangu siku zote hizo hamsini na mbili. Sikuisoma kwa sababu ilikuwa na maandishi madogo, nami niliona haya kumwomba mtu anisomee, mimi tajiri mpya wa vigae. Mdogo wangu alijua, akanyamaza, akaubeba ule uharibifu mgongoni kwa ajili ya heshima yangu. Nimekukosea, mdogo wangu. Nimekukosea sana, na nimeona aibu zaidi ya nilivyoumwa. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi leo, usijilazimishe kwa sababu nimelala.

Vizuri. Kaa. Mpeni leso.

Tangu hapo nimekuwa mwalimu wa watu kuhusu siku. Mnajua nilivyo: omba siku za ziada kabla meli haijang'oa nanga huko itokako, wakati bado wanakutaka, na uziombe kwa maandishi, kwa maana maneno ya simu hayana saini. Siku za bandarini na siku za kurudisha kontena tupu ni hesabu mbili, msizichanganye. Likirudi dipo, lipigeni picha pande zote na msiondoke bila karatasi ya kupokelewa, hata wakisema mashine imeharibika. Nimeyasema hayo harusini, nimeyasema kwenye foleni ya kinyozi, nimemfundisha hata daktari aliyekuwa ananipima mapigo ya moyo.

Na mwalimu huyohuyo amekaa na hati kwenye soksi tangu Ijumaa. Mwanzoni nilisingizia mipira ya dripu mikononi. Jana jioni nimerudi nyumbani, mikono mizima, kalamu ipo, na bado nikawaambia sikumbuki ilipo. Niliogopa. Naona kama nikiandika jina la mtu mwingine nyuma ya ile karatasi, nimekubali kwamba kontena lijalo sitaliona. Kwa hiyo ucheleweshaji wote wa safari hii ni wa kwangu, na msije mkamlaumu mtu mwingine nikishaondoka, mnavyopenda.

Mwanangu mkubwa, najua ulitarajia jina lako. Nakupenda, na wewe ulizaliwa wiki mbili nyuma ya tarehe na hujawahi kuzifidia. Nikikupa hati hii utaitisha kikao. Lakini duka la mbele ni lako, lote, kwa sababu mteja akiingia kwako anazungumza saa nzima, anacheka, na anatoka na choo ambacho hakukihitaji; kipaji hicho mimi sikuwa nacho. Mizigo ya nje ni ya dada yako. Yeye aagize, wewe uuze, na mgawane nusu kwa nusu bila kuitana wezi. Nyumba ni ya mama yenu, na atakayemwambia ahamie chumba kidogo, simtambui.

Mazishi yawe kesho au keshokutwa, nikiwahi. Msiniweke mochwari kungoja ndugu wa mbali, maana huko nako wanahesabu kwa siku na Jumapili imo. Sanduku liwe la kawaida, halirudishwi. Hotuba atoe mwanangu mkubwa, dakika kumi, na mama yenu ashike saa.

Nipeni kalamu. Si hiyo, hiyo inavuja. Mdogo wangu, nishikie mkono kwenye kiwiko... hapo. Usisukume, nasaini mwenyewe. Imepinda, lakini ni yangu. Wakiuliza, waambie ni ya mzee wa lile kontena la dirisha na pazia, wananikumbuka. Piga muhuri wa duka, uko kwenye kopo la chai.

Shika, binti yangu. Pitia barabara ya nyuma, ya mbele ina matuta. Ukifika kwa wakala usikae kwenye benchi, simama dirishani akuone. Na ukiwa kwenye foleni, simu ikilia kutoka nyumbani, usipokee. Nasema usipokee. Likishatoka getini ndipo upige wewe, na mama yako ataniwekea sikioni. Kama nitakuwa... kama sitajibu, wewe sema tu limetoka. Nitakuwa nimesikia.

Mungu akufungulie kila geti. Awape nyote watu wakweli, na afya, na... mpatane. Mpatane, jamani. Kaka yako akukumbatie kabla hujaondoka. Haya. Haraka basi.

Mbona bado umesimama? Najua. Hata mimi ningependa ukae hapa. Ningependa sana, mwanangu... ungekaa hapa mpaka... Lakini mama yako atalala wapi. Njoo, nibusu kwenye paji. Hivyo.

Sasa niachie mkono. Niachie, mama. Saa ngapi? ...Saa tano kasorobo. Nenda, bado unawahi.