Kisu cha Nyembe na Mafuta ya Mawese

Basi la Kibondo lilipotoka Kasulu, mbele yangu walikaa kijana mmoja, Anania, na mama mmoja anayechinja mbuzi Makere, anaitwa Kezia. Walikuwa hawajuani, lakini barabara ile ni ndefu. Mimi miguu imechoka, masikio bado mazima, basi nikasikia yote. Kesho Anania anajaribiwa kazi ya kuchuna wanyama kwenye kambi ya wawindaji wenye vibali huko pori la Moyowosi, na alikuwa kanunua kisu cha kubadilisha nyembe.

"Hiki hakinolewi, mama. Wembe ukiisha makali unatoa, unaweka mwingine."

"Unatoa kwa mikono ipi, mwanangu?"

"Si hii hapa."

"Hiyo mikavu. Ukichuna nyati mikono inajaa mafuta. Wenzako wanamaliza ngozi, wewe unahangaika na wembe, kazi inaenda kwa mwingine." Akafungua dumu lake la mawese. "Lete."

Kijana akacheka, akaileta mikono, mama akaipaka mafuta. Hapo hata usingizi wangu uliisha. Anania akavuta wembe, vidole vikateleza. Akataka kujifuta kwenye suruali, Kezia akamkataza. "Huko porini suruali nayo ina damu. Chukua kisu changu cha mbuzi."

"Subiri, mama, wembe unatoka."

Kweli, ukatoka. Akashika wembe mpya, ukamponyoka ukaingia chini ya viti.

Basi likasimama Kibondo. "Porini hakuna viti," alisema Anania, kapiga magoti anatafuta.

"Kuna majani," akajibu Kezia.

Konda akafungua mlango, hakuna aliyeshuka. Wote tuliovaa kandambili tulikuwa tumenyanyua miguu.