Karatasi Iliyobaki

Ndani ya boti ya kwenda bandari ya Andoany, wiki moja baada ya uchaguzi wa 1957, karani mmoja mwenye daftari alimuuliza Mama Roukia, aliyeketi kando yangu, kwa Kikomoro, amempigia nani kura na kwa nini.

“Wagombea wawili, karatasi mbili, kila moja na jina la mmoja wao,” akajibu. “Moja niliitia kwenye bahasha nyuma ya pazia, nyingine nikatoka nayo. Mlangoni wakala wa kila mgombea alitaka kuona nimebakiwa na ya mpinzani.”

“Ukamridhisha yupi?”

“Wote wawili. Dada yangu alichagua tofauti na mimi, tukaazimana karatasi zilizobaki.”

Karani alisahau kuandika. “Na wewe ulimchagua nani hasa?”

“Kwani wewe, mwanangu, ni wakala wa nani?”

Boti ikagusa gati. Mimi, niliyewaonyesha mawakala karatasi yangu iliyobaki hata kabla sijaulizwa, nikawa wa kwanza kushuka.