Mama Marthe Kantengwa na Matanga ya Familia Isiyokuwepo

Tarehe 30 Juni 2015 Mama Marthe Kantengwa anakabidhi funguo za ofisi yetu ya ujumbe, Base Camp, hapa kwenye makazi ya wakimbizi, baada ya miaka kumi na tisa kazini. Alianza mwaka 1996 kwa baiskeli isiyo na breki, akipeleka barua Kabazana, kituo wanakoandikishwa wakimbizi wapya wanaongoja mashamba. Anaondoka akiwa mkuu wa majaribio ya programu. Baiskeli ile hadi leo haina breki.

Programu iliandikwa mjini Mbarara na fundi wetu Yasiin. Kazi yake ni kupokezanisha ujumbe: Kabazana ikiandikisha familia, ujumbe unakwenda kwa wagawa mashamba, wakishatoa namba ya shamba, mwingine unakwenda stoo ili jembe na sufuria vitoke. Mwanzoni tuliijaribu kwa simu halisi. Ujumbe ukipotea, Yasiin alilaumu mtandao, watu wa mtandao walimlaumu Yasiin, na sisi tukailaumu mvua. Mama Marthe akachoka. Alidai ujumbe wa majaribio uzunguke ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu, usiguse mtandao hata kidogo. Ukipotea humo, mwenye kosa ni mmoja, na anaitwa Yasiin.

Kwa kazi hiyo alibuni familia ya Bwana Ulrich, watu tisa. Kila asubuhi ilifika, ikaandikishwa, ikapewa shamba na jembe, kisha ikafutwa, yote ndani ya kompyuta na kabla chai haijapoa. Aliisifu sana kwa nidhamu. Sisi wenzake hatukuwahi kusifiwa.

Machi 2012 tulipata karani mpya, Emery, mtu wa huruma kupita kiasi. Alichungulia kompyuta akasoma kwamba familia ya Ulrich, watu tisa, imefutwa. Lo! Hakuuliza mtu, akatangaza msiba. Kufikia saa sita, uani kulikuwa na matanga kamili: mikeka, moto, sukari, majani ya chai na kwaya ya akina mama. Nasur, mfanyabiashara wa Mbarara aliyekuja kuuza betri tu, alitoa katoni ya sabuni akakaa mkekani kwa heshima. Wafiwa hasa hawakujulikana ni akina nani, lakini watu walilia vizuri.

Mama Marthe alisimama kueleza kwamba marehemu hawakuwahi kuzaliwa. Watu wakaanza kucheka. Ndipo Orpa, mama aliyetoka Kabazana, akasema kwa sauti: "Afazali bale, balikufa na shamba yao. Siye tuko bazima, miezi tano, hatuna hata fasi ya kupanda muhogo."

Kicheko kilikatika. Mama Marthe akamuuliza wako wangapi. Kumi na mmoja: yeye, watoto wake na yatima wa dada yake.

Aliyaacha matanga, akaingia ofisini, akamwongezea Ulrich watoto wawili, akatuma. Ujumbe uliingia, haukutoka. Toleo jipya la programu lilikuwa likimeza kimyakimya kila familia inayozidi watu kumi. Familia kumi na nne zilikuwa zimekaa Kabazana bila kujua kosa lao. Mama Marthe alilia, na safari hii kwa ajili ya watu walio hai. Yasiin alisema kwenye simu kwamba haiwezekani. Akajibiwa apande boda boda aje aione hiyo isiyowezekana. Alikuja. Alirekebisha, na Ulrich akazidishiwa watoto hadi thelathini, maskini, mpaka Mama Marthe aliporidhika.

Wiki hiyohiyo familia zote kumi na nne zilipata mashamba. Mama Marthe alikwenda kwa kila moja kuomba radhi, ingawa programu hakuiandika yeye. Orpa hakumwacha amalize. Alimpa jembe, maana mvua ilikuwa imekaribia na mistari ya kupanda ilikuwa bado mingi.

Mama Marthe, asante sana. Tunakuombea miguu yenye afya, usingizi wa kutosha na majirani wasiokuchosha. Maharage yaliyo kwenye sahani yako leo yametoka shamba la Orpa, na ameyapika mwenyewe. Shiba kwanza, Mama, ndipo utuage.