Habu Nne za Mama Aguti

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Ritah Aguti, fundi mkuu wa magurudumu katika karakana yetu ya Pacha Usafirishaji hapa Tororo, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Paddy Ojiambo wa stoo, niandike wasifu wake kwa heshima na upole. Heshima ipo. Upole utafuteni ukurasa mwingine, maana mwenyewe hana, na mimi nimekaa naye hadi wangu umekwisha.

Mama Aguti ni mzaliwa wa Rubongi, kwa wakulima na wafugaji. Aliingia langoni kwetu mwaka 1996 akiwa na cheti cha ufundi mkononi. Msimamizi wa wakati huo, marehemu Mzee Ekwaro, alikisoma cheti, akakisifu, kisha akampa ufagio. Alifagia wiki nzima. Wiki ya pili Mzee Ekwaro alifungua ofisi yake akaukuta ufagio umeegeshwa kwenye kiti chake, na Aguti yuko chini ya trela anafungua gurudumu. Mzee alicheka hadi akakohoa, na habari ya kufagia ikaishia hapo.

Madereva wanamkumbuka zaidi kwa foleni ya malori ya Malaba, mpakani na Kenya. Kila mtu wa mpaka huu anajua sheria ya foleni ile: ikisogea, sogea, usiposogea, wa nyuma wanakupita na huna pa kulalamika. Siku moja dereva wetu Olupot beringi ya gurudumu la mbele ilimfia katikati ya foleni. Aguti alikuja kwa boda, beringi mpya ameipakata kama mtoto. Alipovua tu gurudumu, foleni ikaanza kusogea na wa nyuma wakapiga honi wapite. Loo! Alilibingirisha tairi hadi pale walipotaka kupita, akalilaza, akaketi juu yake, akaendelea kupaka beringi grisi. "Mwenye haraka anikanyage," aliwaambia. Hakupita mtu. Olupot bado anasimulia kisa hicho, na kila mwaka malori yaliyopiga honi yanaongezeka.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kufundisha. Somo lake lilikuwa moja, na limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: KAZA, RUDISHA KIDOGO, IPUMUE. Gurudumu la lori lina beringi mbili zenye umbo la pia. Unaikaza nati hadi mwisho, unazungusha gurudumu, kisha unailegeza nati kidogo ili beringi zisiungue. Mafundi waliotoka mikononi mwake, akina Ochwo na wenzake, wanafanya hivyo hata wakisinzia. Likumbukeni somo hilo, kwa sababu nusura limtoe roho.

Sasa tuseme ukweli. Miaka yote hiyo ya kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji imemla goti la kushoto, na mguu huo haukanyagi klachi tena. Ofisi, kwa nia njema, ikaanza kumpangia uzee: kiti cha kuegemea, ng'ombe wa maziwa, wajukuu wa kumchezea miguuni. Mama Aguti aliposikia alichemka. "Mimi nakwenda kukaa kwa veranda, naletewa chai kama mgonjwa? Hapana!" Yeye alitaka kwenda Malaba kila asubuhi kutengeneza magurudumu ya waliokwama, kazi yake mwenyewe na bosi wake mwenyewe. Bila gari lake mwenyewe, hilo lisingewezekana, na gari la kufaa goti lile hakuliona likiuzwa popote. Basi akaanza kulitengeneza, nyuma ya stoo yangu, saa za chakula cha mchana. Fremu ni ya mabomba ya chuma ya mraba. Injini na gia ni za gari dogo lililogongwa, amezifunga nyuma. Klachi ni ya kuvuta kwa mkono.

Ubishi mkubwa ulikuwa habu, yaani kile kitovu kinacholishika gurudumu na beringi yake. Ochwo alitaka habu za trela, akasema hazitavunjika hadi Kiyama. Kweli, na gari nalo lisingesogea hadi Kiyama. Mimi nilitaka zile za zamani, unazozipigilia beringi ndani kwa nyundo, kwa sababu zimejaa stoo na zinanikera. Mama alitukatalia wote. Alitaka za kufunga kwa boliti: habu na beringi ni kitu kimoja, kimezibwa kiwandani na grisi yake ndani; unakaza boliti nne, kazi imekwisha. Hiyo, alisema, ataibadilisha ameketi kwenye kigoda, bila nyundo na bila kumwomba mtu amwinue.

Lakini ipi? Hakutaka kukisia. Aliazima mizani ya mnunuzi wa mahindi, akaiweka chini ya kila kona ya gari kwa zamu, ajue kila gurudumu litabeba uzito gani. Mwenye mizani alipokuja kuifuata alidhani gari linauzwa kama chuma chakavu, akataja bei ya kilo, akatukanwa kwa Kiteso. Kisha mama akataka habu ambayo boliti zake zinalingana na rimu alizokuwa nazo, tena iwe ya gari linalotembea pande zote mbili za mpaka, ili ikiharibika asikae kusubiri mzigo wa Mombasa. Mwishowe aliamua kona zote nne ziwe na habu aina moja, ile yenye tundu la meno katikati, ya kuzungushwa na shafti inayotoka kwenye injini, ili akiba moja ifae popote. Mbele, ambako hakuna shafti, aliingiza kipande cha shafti kilichokatwa, pamoja na nati yake. Mpaka hapo hakukosea hata kidogo, na mimi ni shahidi.

Habu alizinunua kwa Kevo, muuza spea wa Busia upande wa Kenya, aliyemwapia: "Mathe, hizi ni orijino, siwezi kukuchezea." Tukazifunga. Kumbe mikono iliyozoea lori haisahau lori! Mama alikaza nati ya katikati, akazungusha gurudumu, kisha akairudisha kidogo ipumue. Karakana nzima tulikuwa tumesimama pale tukitazama, na hakuna aliyeshtuka, maana sote tumesoma ukuta mmoja. Habu ya aina hii inataka kinyume. Nati ile ndiyo inayoibana beringi isiachane, na ukiilegeza umeiambia iende zake.

Ikaenda zake. Siku ya kulijaribu kwenye barabara ya Malaba, gurudumu la mbele kushoto lilivuma, likayumba, kisha likachomoka likawatangulia, likakata barabara na kuingia shamba la mihogo. Gari liliburura chuma kwenye lami hadi likasimama. Mama na Ochwo walitoka wazima, Mungu ni mkubwa. Ila nyuma yao lilikuwa linakuja gari la kampuni, na ndani yake Bwana Edgar Oguttu, meneja wetu.

Siku hiyo hiyo aliamuru gari likatwe vipande kwa gesi. Hatumlaumu kwa kuogopa. Hata sisi tuliogopa. Tunamlaumu kwa kusema mbele ya watu wote kwamba umri umefika, mama akubali akapumzike. Hilo halikuwa neno la kumwambia aliyewafundisha mafundi wako wote. Bwana Oguttu, umekosea, na tunaliandika kwenye jarida la kazini ulisome ukiwa umeketi.

Mama Aguti aliuchukua ufunguo wa mtungi wa gesi, akautia mfukoni mwa ovaroli, akaenda Busia kumfundisha Kevo adabu. Mbele ya safu nzima ya wauza spea alimwita mwizi, akaiweka habu iliyovunjika mezani pake na kuipasua kwa msumeno wa umeme ili kila mtu auone ufeki. Ikafunguka. Chuma kilikuwa safi na gololi nyingi zilikuwa nzima. Ni zile pete mbili za ndani zilizoachana kwa kukosa kubanwa. Mama alizibana kwa vidole, zikakaa sawa. Kisha, kwa sauti ile ile aliyomtukania, akamwomba Kevo msamaha, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Kevo alimpunguzia bei ya habu mpya bila kuombwa, jambo ambalo Busia haijawahi kuliona. Mama alirudi na habu mpya, akachukua brashi, na chini ya somo lake pale ukutani akaongeza maneno mawili: MALORI TU.

Mkataji alikuja, mtungi haufunguki. Bwana Oguttu alidai ufunguo. Mama akamwambia, "Gari yangu hakuna mtu anakata. Ufunguo utapata siku itatoka hapa na magurudumu yake." Sisi mafundi na watu wa stoo tulisimama nyuma yake, mikono mifukoni, na hakuna aliyetafuta ufunguo mwingine. Ndipo meneja akatoa sharti: gari lipakiwe mifuko ya saruji, liende Busia na kurudi, naye atazikagua habu mwenyewe. Likishindwa, mama ataushika moto wa kulikata kwa mkono wake. Mama akakubali kabla meneja hajamaliza kusema.

Safari hii nati zilikazwa kwa spana iliyoongezewa bomba refu, Ochwo akining'inia mwishoni, na hakuna aliyerudisha chochote. Alikwenda peke yake. Nitasema wazi: sijawahi kulitazama lango kama siku ile, na chakula changu kilipoa mbele yangu. Alirudi akipiga honi tangu kona ya kwanza. Bwana Oguttu alichuchumaa akaweka kiganja kwenye kila habu, kama tunavyopima hapa, kwani beringi mbovu inachoma mkono. Zote zilikuwa na joto la uji wa mtoto. Ile ya mbele kushoto aliishika mara mbili. Kisha akainuka, akapangusa suruali, akanyoosha mkono kuomba ufunguo wake, naye akapewa. Wakaguzi wa magari nao wameliona, wameuliza maswali mengi, na sasa lina namba.

Kwa hiyo, Mama Aguti, kwa niaba ya yadi zetu za Tororo na Busia, tunakushukuru. Asante kwa mikono uliyoifundisha, kwa matusi tuliyostahili, na kwa machache ambayo hatukustahili. Asante kwa kutuonyesha kwamba fundi anaweza kukosea hadharani, akajirekebisha hadharani, na bado asiinamishe kichwa. Hatukutakii mapumziko, maana utatupiga. Tunakutakia goti lenye adabu, wateja wakorofi wa kukufurahisha, na miaka mingi ya kuamka asubuhi ukiwa na pa kwenda.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Kamati ilikuwa imepanga kwamba baada ya hotuba mstaafu apelekwe Rubongi kwa gari la meneja, lililofungwa riboni, ameketi kiti cha nyuma. Kipengele hicho kimefutwa kwa amri ya mstaafu. Atajiendesha. Gari lake lina viti viwili tu, na ameagiza tuandike hapa kwamba kile cha pili, cha mbele kushoto, amemwekea Bwana Oguttu. Jana meneja alikuja stoo akajifanya anakagua rafu. Halafu akauliza kama kiti hicho kina mkanda. Nilimwambia kinao.