Mzee wa Kanuni ya Saba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: mimi ni binti yake mkubwa. Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi viatu na mama aliyeuza mboga sokoni. Marehemu aliacha karatasi ya maelekezo kuhusu wasifu huu, na kipengele cha tatu kinasema msomaji asiongeze maneno yake. Nimekisoma. Nitaongeza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954 na kumaliza sekondari mwaka 1965. Shangazi, mdogo wake, anasimulia kwamba akiwa darasa la tano Baba alikuwa na vitabu vitatu tu, na kila aliyetaka kuazima aliandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango. Shangazi alichelewesha kitabu siku moja, akanyimwa kuazima wiki nzima. "Na kitabu chenyewe kilikuwa changu!" anasema Shangazi hadi leo, na bado hajacheka.

Mwezi Aprili 1968 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu kupanga vitabu kwenye rafu. Mwaka 1989 akawa mkuu wa kaunta ya kuazimia, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Wenzake walimwita Bwana Muhuri, na alidhani ni sifa. Mwaka 1998 aliandika kanuni za watu wanaoipa maktaba vitabu vyao. Sisi wanawe tunazijua kwa moyo, maana tulilishwa pamoja na chakula. Mtoaji atapewa kadi. Ataazima vitabu viwili kwa siku kumi na nne. Kadi si ya mke wala ya mtoto, na mwenyewe akifa nayo imekufa. Kanuni ya sita: vitabu vilivyotolewa vifutwe alama zote za penseli kabla ya kupigwa muhuri. Kanuni ya saba: vitabu hivyo havitoki nje ya chumba cha kusomea, hata kwa aliyevitoa. Mhadhiri mmoja alimwuliza kwa nini anambana mtu aliyeleta zawadi. Baba akamjibu, "Ukishatoa umetoa. Ukitaka kukaa nacho, usitoe."

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye yeye na kanuni hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Mama alikuwa na kitabu kinene cha kilimo cha bustani, chenye jalada la kijani, na pembeni mwa kurasa zake aliandika kwa penseli kila lililomjia. Kuhusu mbolea: "Uongo mtupu." Kuhusu mimi: "Leo amesimama mwenyewe, akaangukia miche yangu ya nyanya." Baba alikuwa akipita anaguna.

"Mama watoto, kitabu si daftari."

"Na nyumba si maktaba, Baba watoto. Sogea, unaniziba mwanga."

Mama alifariki mwezi Mei 2021. Hazikupita wiki sita, Baba akasema hawezi tena kuzitazama zile rafu, vitabu vyote 612 viende chuoni. Tulimsihi asubiri mwaka uishe. Nani alisikilizwa? Basi nikakaa sebuleni siku mbili napakia maboksi, na kile kitabu cha kijani nilikitia mimi, kwa mikono yangu, kwenye boksi la tisa. Sikukifungua. Nalisema hapa mbele ya kaburi kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Mwezi Agosti akakitafuta, asikione, akaenda chuoni. Karani wa kaunta, mwanamke ambaye Baba mwenyewe alimfundisha kazi, alikuwa ameshaanza kutekeleza kanuni ya sita. Alikuwa amefuta kurasa arobaini. Alipofika kwa mtoto na miche ya nyanya alicheka, kisha akalia, akaweka kifutio chini.

"Mzee, nisamehe," akamwambia.

"Ulifuata kanuni," Baba akajibu. Alirudi nyumbani, akatuambia hayo huku anavua viatu, akaenda kulala saa kumi alasiri.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini wetu ulikuwa na mwenyewe anayeunoa. Mkutubi mkuu alimwambia waziwazi, "Mzee, kichukue. Nani atakuuliza?" Baba akasema, "Nitajiuliza mimi." Kwa miaka minne, kila Jumanne na Ijumaa, alitembea na mwavuli wake hadi chuoni, akasaini daftari la wageni saa nne kamili, akaketi meza ya dirishani kusoma kitabu kilichokuwa chake. Mvua, jua, goti bovu, hakukosa. Mdogo wangu, fundi umeme, alimwambia, "Baba, si utoe kopi yaishe?" Akajibiwa kwamba kopi haina mkono wa Mama. Tulinuna. Tuliona ni ukaidi tu wa mzee aliyezipenda kanuni zake kuliko nafsi yake, na niliwahi kumwambia hivyo usoni.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 madaktari waligundua moyo wake umechoka. Kufikia Juni hakuweza kupanda ngazi za maktaba. Nilikwenda mwenyewe kukiomba kile kitabu, nikiwa nimejiandaa kugombana.

"Dada, kuna kanuni ya saba," karani akaniambia, macho chini.

"Aliyeiandika ni nani?"

"Baba yako."

"Na anayeumwa ni nani?"

"Baba yako. Na juzi kanipigia simu, kasema ukija nisikupe."

Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wote wawili. Baba aliniangalia kutoka kitandani akasema, "Usinitie aibu, mwanangu." Nilimjibu maneno ambayo sitayasoma hapa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Alhamisi karani alikuja nyumbani na kile kitabu ndani ya bahasha ya kaki. Kumbe kanuni ya saba ina mlango mdogo ambao Baba mwenyewe aliuacha: kitabu chaweza kutoka siku kumi na nne kwa ajili ya maonyesho. Mkutubi mkuu alijaza fomu. Mahali pa maonyesho: nyumbani kwa marehemu.

Nilikifungua nikijua nitakuta kurasa arobaini nyeupe. Zilikuwa zimejaa. Mwandiko haukuwa wa Mama. Ulikuwa ule wa Baba, mdogo, uliosimama wima kama askari, kwa penseli. Bwana Muhuri, aliyewafukuza wanafunzi kwa kupigia mstari neno moja, alikuwa amekaa miaka minne akimrudisha mkewe ukurasa baada ya ukurasa, kadiri alivyomkumbuka. "Uongo mtupu" lipo pale pale kwenye mbolea. Ukurasa wa thelathini na moja ameandika: "Hapa alisema jambo kuhusu vitunguu. Nimelisahau. Nisamehe, Mama watoto."

Nikamwuliza karani, "Ulijua?"

"Kila akiinama kuandika," akasema, "mimi nilikuwa naangalia nje."

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kadi ya maktaba ambayo imekufa naye, na binti mmoja anayeomba radhi mbele yenu kwa maneno ya mwezi Juni.

Kitabu kinatakiwa kurudi tarehe 25 Septemba, na kitarudi, maana nisipokirudisha Baba ataamka. Lakini Baba, neno la vitunguu mimi nalikumbuka. Nilikuwa na miaka tisa, Mama alinisomea jikoni huku anacheka: "Amevipanda kwa rula, na bado vimeota vimepinda." Nitaliandika leo jioni, ukurasa wa thelathini na moja, kwa penseli. Pumzika sasa, Baba. Baada ya ukurasa huo hukuacha nafasi nyingine tupu.