Enid Oakes na Ngoma ya Dorcas

Ndugu, jamaa, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi majirani mliotoka Hollinbeck kuja hapa Buxton katika baridi hii ya Februari, familia inawasalimu na kuwashukuru kwa kufika, na anayewasomea maisha haya ni Judith, mtoto pekee wa marehemu, kwa agizo la marehemu mwenyewe, ambaye alitaka yasomwe yote, pasipo kuruka mahali kwa kumwonea haya mtu aliyeketi mbele.

Marehemu Enid Oakes alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 kijijini Hollinbeck, kwenye vilima vya Derbyshire, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Herbert Marsden, mpasua mawe katika machimbo ya chokaa, na mkewe Agnes, ambaye alipopewa mtoto mikononi alimwambia mkunga, "Amechukua uso wa babu yake, maskini, na babu yake alikuwa mwanaume." Ilisemwa kwa mapenzi, lakini kijiji kilikuwa kimeipata kabla mtoto hajabatizwa, na kwa kuwa alikua na uso mrefu kweli, taya pana na meno yaliyotangulia mdomo, hakuna aliyeona sababu ya kuisahau.

Alisoma shule ya kijiji tangu mwaka 1936 hadi 1945, akapenda hesabu na ushonaji, akaitwa Farasi na wenzake mpaka mwalimu naye akateleza siku moja na kumwita hivyo mbele ya darasa, na alipomaliza akapelekwa hapa Buxton kujifunza kazi kwa fundi cherehani, akija asubuhi na kurudi jioni, kisha mwaka 1949 akaajiriwa kushona mavazi katika jumba la maigizo, kazi aliyoifanya kwa heshima hadi alipostaafu mwaka 1991.

Wote mliotoka Hollinbeck mnaijua Ngoma ya Dorcas, iliyochezwa kila Jumatatu ya Pentekoste kwenye uwanja wa kijiji, fidla na kodiani zikipiga, wanaume mstari mmoja na wanawake mstari mwingine wakielekeana, wakija mbele na kurudi nyuma, wakisukana kama mkeka na kupita chini ya mikono iliyoinuliwa, na katikati yao mwanamke mmoja asiye na mwenzi, ambaye kila mwanaume alimjia kwa zamu, akampa mkono, akamzungusha nusu, akamwacha na kumfuata wa kwake, hadi yule wa mwisho, ambaye aliunyoosha mkono, akangoja mwanamke aunyooshe wake, kisha akampa kisogo, na hapo uwanja mzima ukacheka. Huyo wa katikati ndiye aliyeitwa Dorcas. Kamati ya ngoma, chini ya mwenyekiti wake Bwana Roland Heywood, mwenye bucha, iliwafundisha watoto kwamba ngoma ile ilikuwa sala ya mababu kabla ya kanisa kufika, kwamba Dorcas alikuwa baridi inayofukuzwa ili mashamba yazae, na kwamba kusimama pale ni heshima.

Mwaka 1948, marehemu akiwa na miaka kumi na saba, Bwana Heywood alifika nyumbani kwa mzee Marsden na furushi la soseji, akasema, "Tunamtaka binti yako awe Dorcas," na Enid, ambaye hakuwa amewahi kualikwa na kijana yeyote kucheza chochote, alishona gauni la kijani kwa mkono, akalala nalo chini ya mto. Tarehe 17 Mei akasimama katikati, akapewa mikono na kuachwa, na alipofikiwa na wa mwisho, Clifford Oakes, dereva wa lori la machimbo, aliunyoosha mkono wake kwa moyo wote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwonya jinsi kicheko kile kinavyosikika kwa aliye katikati. Kamati ilisema haijawahi kumpata Dorcas mzuri kama yule, ikamchagua mwaka uliofuata, na uliofuata tena, mpaka ikaacha kabisa kuchagua.

Clifford alianza kumtembelea kwa siri mwaka 1953, akipita njia ya nyuma, na marehemu alikubali kuolewa naye kwa sababu alimpenda, jambo ambalo familia inalisema wazi kwa kuwa wapo wanaodhani alimkubali kwa kukosa mwingine. Walifunga ndoa tarehe 2 Julai 1955 katika kanisa la Hollinbeck, na walijaliwa mtoto mmoja, Judith, tarehe 20 Januari 1957. Pentekoste ya kwanza baada ya ndoa marehemu alimwomba mumewe ampe mtu mwingine nafasi ya wa mwisho, ama aushike mkono wake mwaka huo tu, wamalize ngoma pamoja.

"Nikiushika, ngoma imeharibika," Clifford alimjibu, akifunga kamba za viatu.

"Mimi ni mkeo."

"Ndiyo maana wanacheka zaidi. Ni ngoma tu, Enid, usiifanye msiba."

Akaenda akampa kisogo, na kijiji kikacheka zaidi, kama alivyosema.

Katika vuli ya mwaka 1971 jumba la maigizo lilipokea mchezo wa kuchekesha wa zamani sana, ulioandikwa kwa ajili ya majukwaa ya London miaka mia mbili na hamsini iliyopita, na marehemu, akiwa nyuma ya pazia na sindano mdomoni wakati wa mazoezi, aliwaona waigizaji wakijipanga mistari miwili, wanaume huku na wanawake kule, na mmoja akasimama katikati. Katika mchezo huo Dorcas alikuwa mwanamke aliyepitwa na umri wa kuolewa, tajiri wa tamaa ya mume na maskini wa sura, na wachumba walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono na kumzungusha nusu, kisha wa mwisho akampa kisogo. Marehemu alimfuata mwongozaji wa mchezo, mzee Pemberton, akamuuliza ngoma ile imetoka kijiji gani.

"Kijiji?" mzee Pemberton alicheka. "Mama, hii ilitungwa na mwalimu wa dansi wa jukwaani, akalipwa kwa ajili hiyo. Watu wakaipenda, wauza vitabu vya dansi wakaichapa, mabwana wakaicheza kwenye kumbi zao, watumishi wao wakaiiba kwa kuchungulia mlangoni na kuipeleka makwao. Hivyo ndivyo nyingi zilivyofika vijijini. Mnapokuja mbele na kurudi nyuma mnafikiri mnamwamkia nani, mungu wa mavuno? Mnawaamkia watazamaji waliolipa kiingilio."

"Na huyu wa katikati?"

"Huyo ni wa kuchekwa. Watu walinunua machungwa mlangoni, wayale na kumtupia maganda. Na wala hakuwa mwanamke, alikuwa mwanaume mnene aliyevaa gauni, kwa sababu hata waigizaji wa kike wa siku zile, wasioogopa kitu, hawakukubali kusimama pale."

Marehemu alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini ndani ya machozi mlikuwa na furaha, kwa maana aliamini kwamba watu wa Hollinbeck walikuwa wamemtenda vile kwa kudanganywa tu, na wakiujua ukweli wataona aibu. Mwezi wa Februari 1972 aliiomba kamati impe nafasi, akasimama ukumbini, akaeleza juu ya jukwaa, mwalimu wa dansi, wauza vitabu na watumishi wa mlangoni, akaeleza na maganda, ila la yule mwanaume mnene alilimeza, kwa sababu alishindwa kutamka mbele ya majirani kwamba nafasi aliyosimama tangu usichana ilikatwa kwa kipimo cha mwanaume mwenye sura ya kuchekesha. Wanakamati waliinamia meza, na marehemu alidhani ni aibu.

"Maganda ya machungwa, umesema?" Bwana Heywood akauliza mwishoni. "Miaka yote tumekuwa tukiicheza na upungufu."

Tarehe 22 Mei 1972 kapu la machungwa liliwekwa kila pembe ya uwanja, marehemu hakuambiwa, na alipopewa kisogo na mumewe alisikia kitu cha baridi kikimpiga shavuni, kisha kingine, kisha kijiji kizima kikaitikia. Mpiga picha wa gazeti alikuwepo. Clifford, akiokota ganda kwenye kola ya mkewe jioni ile, alisema, "Wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia."

Mwaka uliofuata marehemu alikataa. Kamati haikubishana naye, ilimsubiri atoke kwenda kazini, ikaja kwa Judith aliyekuwa na miaka kumi na sita, na Bwana Heywood akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayekagua kichwa cha ndama, akasema, "Sura ni ya ukoo, bahati nzuri." Clifford alikuwa mezani akinywa chai, na hakuinua macho. Marehemu aliporudi na kusikia, hakufoka, aliuliza tu gauni la kijani limewekwa wapi, na kwa miaka mitatu mfululizo alirudi katikati, akasimama hadi ganda la mwisho, ili binti yake asiguswe.

Kuanzia hapa, marehemu alimwagiza Judith asome polepole.

Mwezi wa Machi 1976 aliiomba kamati nafasi tena, akaingia ukumbini amevaa kofia yake ya kanisani, akasema, "Kuna jambo sikuwaambia mara ile, nalo si haki nife nalo. Dorcas wa kweli alikuwa mwanaume mwenye gauni. Ninyi mnapenda mambo yawe kama yalivyokuwa."

Bwana Heywood alisogea mbele kwenye kiti. "Mwanaume? Watu watakufa kwa kicheko. Lakini nani ataijua ile nafasi?"

"Aliyenipa kisogo miaka yote. Hakuna anayeijua zaidi yake, na gauni nitalishona mwenyewe."

Clifford alikuwa amekaa nyuma na wenzake wa machimbo, wakamgeukia wote wakicheka, na mtu aliyekuwa ametangaza kila mwaka kilabuni kwamba ni ngoma tu hakuwa na njia ya kukataa. Nyumbani alimuuliza mkewe, "Enid, mimi unanifanyia hivi?"

"Ni ngoma tu, Clifford. Simama wima nikupime kiuno."

Gauni lile ndilo kazi bora ya mikono ya marehemu, na wenzake wa jumba la maigizo waliopo hapa wanaweza kushuhudia, kwa maana alilijaza pamba mahali pa kuchekesha, akalibana mahali pa kuumiza, akaliwekea mfuko wa rangi ya waridi nyuma pale ambapo mlengaji mzuri angelenga. Pentekoste ile Clifford alisimama katikati, na marehemu, kwa mara ya kwanza tangu usichana, alikaa mstari wa mbele miongoni mwa watazamaji, akamenya chungwa lake taratibu, akala vipande vyote, akafuta vidole kwa leso, akasimama na kutupa. Alirudia hivyo kila mwaka. Mwaka wa nne Clifford alianza kutokwa jasho na kushika kifua wiki nzima kabla ya Pentekoste, na Judith alimsihi mama yake, "Inatosha, Mama, mwache sasa," na marehemu, bila kuacha kushona, alijibu, "Hajafika hata robo yangu." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na familia haisemi hapa ni nani alikuwa nguruwe, ila inasema kwamba Judith aliwapenda wazazi wote wawili, na hakuwa na pa kujificha.

Clifford Oakes alianguka machimboni tarehe 9 Novemba 1981, moyo ukamsimama, na marehemu alimzika Hollinbeck kwa heshima zote, akamwekea jiwe, akapika nyama na viazi kwa waombolezaji wote. Baada yake kamati ilizunguka nyumba kwa nyumba ikimtafuta mwanaume wa kusimama katikati, mmoja aliumwa mgongo, mwingine alikuwa na safari, mwingine alitishia kupiga, na tangu mwaka 1982 Ngoma ya Dorcas haijachezwa tena, nayo nafasi ile ilikuwa imeshikwa na wanawake kwa vizazi vingi bila mgongo wala safari kusikika.

Marehemu alipatwa na kiharusi tarehe 2 Oktoba 1996, kikampoozesha upande wa kulia, akauguzwa nyumbani na Judith, na mwezi uliopita alipoanza kubanwa na kifua akalazwa hospitali. Bwana Heywood, ambaye yupo nasi katika safu ya pili, alikwenda kumwona na maua, akamwambia, "Umetuulia ngoma yetu, Enid," naye, kwa mdomo uliokuwa umepinda, akamjibu, "Nafasi bado ipo, Roland. Kasimame." Aliaga dunia alfajiri ya Jumanne tarehe 3 Februari 1998, Judith akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole aliouzoea kwa shida, inawashukuru wafanyakazi wa jumba la maigizo, waliomwita kwa jina lake tangu siku ya kwanza, na inawashukuru majirani wa Hollinbeck kwa chai, kwa maua, na kwa jinsi mlivyosikiliza hadi hapa.

Na kwa wanaouliza kwa nini hazikwi Hollinbeck kando ya mumewe, jibu ni kwamba mchonga jiwe aliacha nafasi chini ya jina la Clifford, akaisawazisha vizuri na kuipiga msasa, tayari kwa jina la mkewe, na marehemu aliilipia kazi hiyo, akaisifu, kisha akaagiza kwa maandishi na kwa mdomo kwamba isijazwe, isifutwe, na jiwe lisikatwe, libaki hivyo hivyo siku zote, na kila apitaye asome jina moja.

Enid, binti Marsden, pumzika sasa, na amani uliyonyimwa uwe nayo.