Mahari ya Kompyuta

Nje ya geti la kiwanda cha magari kuna benchi moja la mbao, na kando yake jiko la Mama Birika. Zamu ikitoka, wenye maneno hukaa hapo mpaka kahawa iishe. Siku hiyo walikaa watatu tu, maana wengine walikwenda moja kwa moja makwao kungojea asubuhi, ambapo orodha ya watakaopunguzwa ingebandikwa getini. Jicho, mkaguzi wa mwisho, hakuwa na ujasiri wa kwenda nyumbani. Mkewe bado hakuwa na habari. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutikisa viti, kuvuta milango na kupapasa mahali ambapo mwenye gari hatapapasa kamwe, na jina la Jicho alipewa kwa mzaha, kwa sababu miwani yake ilikuwa nene kama kitako cha gilasi.

— Mimi lile bango la kantini ndilo lililonitia wasiwasi, alisema Cheche, mchomeleaji. Eti, "Tunaoanisha kompyuta na malengo ya biashara." Nikajua hapa pana harusi na sisi hatukualikwa.

— Tumealikwa, alisema Makamu, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, ambaye ukimsikia utadhani mkurugenzi hali chakula bila kumuuliza. Tumealikwa vizuri tu. Sisi ndio mahari.

— Bi harusi sasa nani?

— Kompyuta. Anaambiwa kila kitu, naye anakubali.

— Wewe umeoa kweli? aliuliza Mama Birika, akimmiminia.

Walicheka kidogo, wakaacha. Jicho hakucheka. Alikuwa akikiangalia kikombe chake, na moyoni alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka.

Kompyuta ilipoletwa, yeye aliipenda. Walimpa kibao chenye vitufe viwili: kijani kama gari ni zima, chekundu kama lina kasoro, na ukibonyeza chekundu gari linazuiwa lisitoke. Mwezi wa pili msimamizi akaja kumnong'oneza kwamba nyekundu zinaharibu malengo ya ofisi. Malengo yalikuwa magari mengi kwa siku. "Wewe weka kijani, mzee wangu, tutayarekebisha uani." Jicho akaweka kijani. Uani hakurekebisha mtu. Sasa kompyuta imetoa ripoti kwamba kitengo cha ukaguzi hakijaona kasoro hata moja kwa miezi mitatu, kwa hiyo hakina kazi.

— Nimejifuta kwa kidole changu mwenyewe, alisema.

— Usijilaumu, ndugu yangu, alisema Cheche. Mimi naona ile mashine haioni rangi nyekundu. Ni ugonjwa, hata binadamu wanao.

— Hamjui kitu, alisema Makamu. Kule ghorofani kuna skrini ukuta mzima. Wenye kampuni wanakuja, wanaangalia kijani, wanapiga makofi, wanaondoka. Magari hatuuzi tena, tunauza kijani. Gari ni kifungashio.

— Na wanaonunua wanaendesha nini?

— Kifungashio.

— Basi mwakani wataondoa magari kabisa, alisema Cheche. Si ndiyo yanayoleta nyekundu?

— Wameshapanga. Mkutano ulikuwa Jumatatu.

— Ulikuwepo?

— Nilikuwa nasogeza meza.

Jicho aliwasikia kwa mbali. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia yeyote. Kila gari bovu alilolipitisha, alilichorea msalaba wa chaki nyekundu chini ya kiti cha dereva, ili wa uani walijue. Uani hawakuinama. Magari yalikwenda kwa wenyewe na misalaba yake, na yeye aliendelea kuchora, hata leo, kwa sababu bila hivyo asingeweza kulala.

Mwanamke mmoja akatoka getini na kitambulisho shingoni. Hakuna aliyewahi kumwona hapo kijiweni. Aliwaamkia, akaomba kahawa, akanywa akiwa amesimama.

— Mimi ni wa chumba cha kompyuta, alisema. Wazee wangu, naomba kuuliza kitu kidogo. Kuna magari yamerudishwa. Viti vinang'oka. Moja limeua mtu.

Cheche alishusha kikombe chake.

— Kwenye mfumo wetu yote ni kijani. Lakini yaliyorudi yote yana msalaba wa chaki chini ya kiti. Kuna mtu kiwandani alikuwa anajua. Yako mengine mamia barabarani, na huyo tu ndiye anayeweza kutuambia msalaba una maana gani, ili tuyaite yarudi. Hiyo chaki ni ya nani?

Makamu aliangalia magurudumu ya gari lililokuwa likipita. Cheche alikuna shingo. Jicho alifungua mdomo. Akisema ni yake, basi alijua na akapitisha, na msimamizi hakuacha karatasi yoyote, alinong'ona tu. Akinyamaza, kesho ni mkaguzi asiyeona kitu, na barabarani watu wanaendelea kukaa juu ya misalaba yake. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga. Mdomo ukajifunga wenyewe.

— Ni swali tu, alisema yule mwanamke. Sikuja kumkamata mtu.

Akarudisha kikombe.

Mama Birika alianza kukusanya vyombo. Alipokichukua kikombe cha Jicho, alikigeuza, akaona alama tatu za vidole, nyekundu. Alimtazama Jicho, akamtazama mgeni. Kisha akakifuta kwa kanga yake, taratibu, mpaka kikawa cheupe.

— Kahawa imekwisha, alisema.